Fukusi Chini ya Migomba

Kaloleni mtoto akizaliwa, wengine huleta sabuni na unga. Nakhumicha, mama Javan, kila mara alileta mche wa mgomba. Aliung'oa nyuma ya nyumba yake, mizizi ikiwa bado na udongo, akaupeleka huku akiimba. Ndiyo maana migomba ilipoanza kuanguka mtaa mzima, lawama zilijua njia ya kwake.

"Mama Javan, hiyo mkono yako iko na shida," alisema Triza, jirani yake. "Mgomba wangu umeangukia kamba ya nguo. Na kama ingekuwa mtoto?"

Shiundu, mwenyekiti wa wakazi, akakata shauri: mvua ikiisha na migomba bado inaanguka, yote itakatwa. Nakhumicha alilia, tena kwa sauti. Migomba ile ndiyo iliyolisha watoto wake tangu mumewe afutwe kazi kiwandani.

Asubuhi moja aliinua kipande cha shina lililoanguka. Chini yake walijazana wadudu weusi wenye pua ndefu. Fukusi! Akachimbua tunguu la mgomba, lile shina nene la chini ya udongo, akalikuta limetobolewa na mabuu. Akajipiga paji la uso. Kumbe wadudu aliwagawa yeye mwenyewe, ndani ya miche, na wimbo juu! Kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini huyu si mtu wa kukaa akijilaumu. Wanapenda shina lililokatwa? Basi walipate! Alipasua mashina yaliyoanguka, akalaza vipande kando ya kila mgomba, upande uliopasuliwa ukitazama chini. Kila asubuhi alivigeuza na kuwaita kuku. Kuku walinenepa, wakaanza maringo. Kisha akapita mlango kwa mlango, akaeleza kosa lake na kuwafundisha majirani kutega. Miche mipya aliimenya tunguu mpaka likawa jeupe, akaitumbukiza kwenye maji moto kabla ya kumpa mtu.

"Sasa unapikia miche chai?" Triza alicheka, ila naye alitega.

Mvua ikaisha. Shiundu alipita ua baada ya ua, akisukuma kila mgomba kwa bega. Yote ilisimama imara. Kwa Nakhumicha alikuta mkungu mzito hadi umeegemezwa miti miwili.

"Sawa, mama. Hii inabaki."

"Hii tu?"

"Yote. Mtaa mzima."

Nakhumicha hakungoja kupigiwa kigelegele. Alikipiga mwenyewe, akavuta pumzi, akakipiga tena.