Maua Juu ya Nyufa

Baba alipopunguzwa kazini Nairobi, miaka ya tisini, tulihamia Kitengela, kwenye ploti aliyokuwa ameinunua wakati mambo yake yalipokuwa bado mazuri. Hatukuwa na uwezo wa kujenga kwa mawe. Basi akajenga nyumba ya udongo vile walivyojenga kwao Magharibi: akachimba mashimo, akasimamisha miti, akakandika. Kwao udongo ni mwekundu, na ukishashika nguzo hauiachii. Wetu ulikuwa mweusi. Jirani yetu, mama wa Kimaasai, alikuja kumtazama akichimba. Wakasalimiana, “Sopa,” “Epa,” kisha akamwambia, “Hii mchanga huwa inatembea, mzee.” Baba alicheka sana. Alidhani ni utani tu.

Kiangazi cha kwanza ardhi ilipasuka hata mkono wangu ukaweza kuingia, na ukuta ukaifuata. Ufa ulianzia kwenye pembe ya dirisha ukashuka hadi sakafuni, karibu na mahali nilipolala na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Niliogopa ufa ule kuliko fisi waliolia upande wa mbuga. Fisi angalau walikuwa nje.

Mama hakuonyesha kuogopa. Aliomba kinyesi cha ng’ombe kwa jirani, akachanganya na majivu, akaziba. Ulipofunguka tena akaziba tena, na safari hii akasaga muramu, ule udongo mwekundu wa changarawe unaomwagwa barabarani, akauchora ule ufa kuwa shina la ua linalotambaa. Akaupa majani. Akaupa maua meupe ya majivu. Ufa mwingine ulipotokea akasema, “Sasa maua yetu iko na tawi,” akachukua mkebe wake wa rangi. Wageni walisifu. Hata jirani alileta wenzake waje kuona.

Mimi yale maua niliyachukia, na sitaficha. Niliona mama ananidanganya. Nilitaka mtu mzima mmoja katika nyumba ile aseme kwamba ukuta utatuangukia, ili niache kuogopa peke yangu. Nikimwambia, alinijibu, “Wewe nawe! Watu wengine wako na ukuta tupu.” Nami nilinuna, nikarudi kulinda ufa. Kila asubuhi, kabla ya uji, nilipitisha kidole kwenye kila jani kuona kama bado ni zima.

Kisha ikaja ile mvua ya El Niño. Udongo mweusi ukinywa maji unafura kama unga wa mandazi, na nguzo zetu zilianza kuinuka, kila moja kwa wakati wake. Mlango ukakataa kufungika. Mabati yakawa yanalia hata pasipo upepo. Baba alikuwa akishinda Athi River akitafuta kibarua, na kila alipotoka niliona ametuacha sisi watatu mdomoni mwa kitu. Mama aliimba nyimbo za kanisani huku akipanga sufuria chini ya matone, akasema nyumba yetu sasa ina kinanda. Mimi nalinda ufa, na yeye anapiga kinanda!

Mchana mmoja mama alikuwa akimenya viazi vitamu nikiwa nimempakata mtoto. Nikatupa jicho ukutani. Jani moja kubwa, lile nililolizoea kuliko yote, lilikuwa limegawanyika. Nusu ilikuwa juu, nusu chini, na katikati niliona mvua ya nje.

“Mama,” nikasema, “jani imekatika.”

Aliangalia. Nilingojea neno lake zuri. Akatupa kisu.

“Toka na mtoto,” akasema. “Toka sasa!”

Tulikimbia pekupeku hadi kwenye ua wa jirani. Tulipogeuka, ukuta ule ulikuwa ukiketi chini polepole, kama mtu aliyechoka, ukaangukia ndani, juu ya kitanda chetu. Mabati yakainama yakaufunika. Nilipiga kelele ingawa hakuna aliyeumia, na sikuweza kujizuia.

Jirani alituingiza kwake, akatuweka karibu na moto, akampa mama kikombe cha chai ya maziwa. Mama akakiweka chini bila kunywa.

“Nilikuwa naogopa,” akasema, akiniangalia mimi, si jirani. “Kila siku nilikuwa naogopa hiyo ukuta. Sikujua nitawaambia nini.”

Nilikuwa nimelingojea neno hilo kwa miezi. Nilipolipata halikunituliza hata kidogo. Niliogopa zaidi ya siku zote, kwa sababu sasa hapakuwa na mtu wa kuimba.

Nikachungulia mlangoni nikitafuta kitu kizuri cha kumwonyesha. Kulikuwa na matope, mvua, na nyumba yetu imelala kifudifudi. Ndama wa jirani alikuwa amekwenda pale, anakunywa maji kwenye sufuria yetu moja iliyorushwa nje.

“Mama, ona,” nikasema. “Hiyo ndama imekuja kutembelea sisi.”

Alinyanyua uso akaangalia.

“Iko na macho mazuri,” akasema.

“Na masikio,” nikasema haraka, nikaendelea kutafuta kingine, maana niliogopa kunyamaza.