Muungurumo wa Stout

Jana, kwa fundi wa magari hapa Butembo, nilinusa esanse, mafuta ya gari, iliyochanganyika na kakao mbichi, nikajikuta Oicha, mutoto tena.

Baba alikuwa dereva wa kubeba kakao. Alinifundisha kufumba macho na kutambua magari ya Kijapani kwa muungurumo tu: Hilux inakoroma, Dyna inakohoa kwenye mulima, Stout yake ya zamani inahema kama mama akisonga fufu. Sikukosea hata mara moja.

Magharibi moja, barabara ilikuwa imenyamaza tangu risasi zilizolia muchana. Kisha nikasikia gari ikikuya.

"Mama, papa anakuya!"

"Ni gari yake kweli?"

"Hapana Hilux, mama. Ni Stout!"

Mama akamushukuru Mungu, akateleka maji ya kuoga, kama kila siku baba akirudi. Nami nikakimbilia barabarani.

Ilikuwa Stout yetu. Jirani ndiye aliyeiendesha, polepole, taa zikiwaka, na matawi mabichi yamefungwa mbele, vile wanavyofunga gari inayobeba maiti.

Maji ya mama hayakumwagwa. Yalipopata moto, wazee wa kanisa waliyaomba, wakamuogesha nayo baba.