Nti ni Wapi?

Waliosema sitaweza walikuwa wengi, na waliketi karibu. "Diploma ya uandishi, kisha urudi Amu kuandika riwaya ya kesho? Atakusoma nani?" Niliandika. Leo riwaya yangu iko mikononi mwa watu, na asiyeamini aje nimwoneshe. Lakini wiki hii tumemzika Bi mshona kofia wa mtaa wa Wiyoni aliyeniazima maneno yangu bora, na majivuno yangu yamepungua sauti.

Wasomaji wa safu hii wanakijua kisa: Amu ya baadaye, na pale gatini pana lango linalosikiliza watu. Ukisema njia, linafunguka. Ukisema ndia, kama tusemavyo sisi, linabaki limefungwa. Maneno niliyaazima kwa majirani, nyumba hadi nyumba. Bi huyu wa kofia ndiye aliyeniazima ndia, na nti, yaani nchi. Nilipomsomea sura ya mwisho, ajuza mmoja aliyesema ndia akirudishwa baharini, sindano yake ilisimama. "Hilo lango lishafika, Bwana?" Nikacheka. "Ni hadithi, Bi. Nimebuni mwenyewe." Hakucheka. Kitambulisho chake kilikuwa kimepotea, na kila akienda kuomba kingine anapigwa tarehe. Kesho yake akavuka kwenda Faza alikozaliwa, vyeti vyake ndani ya mfuko wa unga, akatafute barua ya kuthibitisha uzawa. Karani kijana, mgeni wa visiwa hivi, akamwuliza nchi yake. "Nti hini hini." Karani akainua kalamu. "Nti ni wapi, nyanya?" Hakukusudia dhihaka, aliuliza kweli. Bi akarudi mikono mitupu, akanikuta barazani nikijisifu. "Bwana Diploma, lango lako nimeliona. Lashika kalamu." Watu wakacheka. "Na yule mtu mke uliyemrudisha baharini, alala wapi?"

 Mswada wangu uliishia pale, nami niliuonea fahari ukali wa mwisho ule. Siku hizi tunaandika kesho za kutisha, tunadhani tunatabiri. Kumbe hofu tunaiokota kwa watu walio hai leo, wanaoogopa kuulizwa ni wa wapi katika mji walikozikwa mama zao. Aliyeazima hofu ya mtu hana haki ya kumwacha majini.

Nilivaa tai, nikampeleka Faza na wazee wawili wa kumshuhudia. Barua ikatoka, na baadaye kitambulisho. Kisha nikaongeza sura. Ajuza anasema ndia, lango linakataa. Aliye nyuma yake naye anasema ndia, na wa nyuma yake, hata wageni wa bara, mpaka lango linakosa wa kumfungulia, na ajuza harudishwi tena baharini.

Kitabu kilipotoka nilizunguka kwa wote walioniazima, nikamsomea kila mmoja neno lake mahali nilipoliweka. Kwake nilifika mwisho. Alisikiliza sura nzima, kitambulisho kipya kikiwa mapajani chini ya kofia anayoishona.

"Haya," akasema. "Umelipa. Sasa n'talala."