Tangazo Kando ya Maini

Tangu chuo kikuu kifungwe, Kezia hununua nyama pale soko la Burma kwa yule muuzaji anayesoma kila gazeti kabla ya kufungia nyama. Hupangusa vidole kwenye aproni, midomo ikimchezacheza, na habari yoyote ya chuo huitundika kwenye ndoana, kando ya maini. Jumamosi hiyo lilining'inia tangazo la ufadhili wa masomo: nafasi moja tu, mwisho Jumatatu.

"Nifungie na hilo," Kezia alinong'ona.

"Hilo halifungi nyama, dadangu. Wenzako hawajaliona." Akamkabidhi penseli iliyokuwa sikioni mwake. "Nakili, halafu umpitie Phares hapo mtaa wa Mbotela. Hana habari."

Phares humshinda kwa alama, kila mwaka. Mlangoni kwa Phares, Kezia alisimama kitambo, damu ya nyama ikipenya kurasa za mpira za gazeti, kisha akabisha.