Injini ya Kidege cha Haji

Mume wangu Alawi anapenda vikubwa. Kitanda kikubwa, sufuria kubwa, hata kilemba. Kwa hiyo aliporudi kutoka Dar es Salaam na habari kwamba dukani kuna injini mbili, nilijua moyo wake umebaki kwa ipi.

"Moja kama ngumi yangu," alisema. "Nyingine kama kidole gumba. Biubwa ndiye atakayechagua."

Biubwa ni dada yake, wifi yangu. Mwaka ule wa hamsini na nne alikuwa akikaa eda, na mimi nilihamia kwake kumtazama. Mumewe, Haji, alikuwa seremala wa vitanda hapa Bagamoyo. Jioni zake za mwisho zote zilikwenda kwenye kidege cha mbao alichokiona katika jarida la Kizungu, kidege cha kutiwa injini ya kweli. Kingeruka kwa kuzunguka, kimefungwa nyuzi mbili, na mtu amesimama katikati amezishika. "Hiki hakipotei," alikuwa akimwambia mkewe. Alikufa kabla hajakitia injini.

Tangu tumzike, Biubwa hakulia. Alijibu salamu, alikula kidogo, akashinda na kidege mapajani akikipapasa. Wanawake waliokuja kumpa pole walininong'oneza kwamba asipolia ataugua, nami niliogopa kweli. Aliomba kitu kimoja tu, akione kikiruka.

Hapo ndipo injini zilipotutesa. Haji alikichonga kidege kwa mninga, tena mnene, kwa kuwa seremala wa vitanda hajui kutengeneza kitu kisichodumu. Uzito ule ulitaka injini kubwa. Injini kubwa ilitaka nyuzi ndefu na uwanja mpana nje ya mji, na mwenye eda hatoki. Ile ndogo ingezunguka vizuri uani, kati ya kisima na jiko, lakini isingekinyanyua.

"Nunua kubwa, tungoje eda iishe," nilisema. Alawi alifurahi mpaka nikajuta.

Biubwa alipitisha kidole kwenye ubawa mnene. "Kaka, leta ndogo," akasema. "Na unipe randa ya Haji."

"Hiyo kazi ya marehemu, Biubwa," Alawi akasema. "Utaikata?"

"Nitaikata mimi."

Siku zile nazikumbuka kama ndoto. Biubwa amekaa chini ya ukuta, randa inakwenda na kurudi, maranda ya mninga yanajikunja na kuanguka miguuni pake. Nyumba ya eda haina udi wala marashi, lakini ile ilijaa harufu ya mti, harufu ya Haji akirudi kutoka karakana. Hakuna aliyeitaja. Ndani ya harufu ile tulipika, tukaswali, tukalala, na mbawa zikazidi kuwa nyembamba, hadi nikaweza kukiinua kidege kizima kwa vidole viwili.

Alawi alileta injini, akaifunga puani mwa kidege. Aliinywesha mafuta ya taa yaliyochanganywa na etha ya hospitali na mafuta ya mbarika, akalizungusha pangaboi lake kwa kidole, ikamuuma, akaitukana, ikawaka. Biubwa alisimama katikati ya ua na nguo zake za eda, kishikio cha nyuzi mkononi. Alawi akakiachia.

Kilinyanyuka. Kikazunguka juu ya kisima, juu ya paa la jiko, juu ya kisima tena, kikilia kama nyuki, na wifi yangu akizunguka nacho taratibu, mkono umenyooka, macho hayakiachi. Moshi wa mbarika ukatanda uani. Sikujua tena kama ni asubuhi au alasiri. Nilitamani mafuta yasiishe.

Yakaisha. Kikashuka kimya, kikagusa mchanga, kikasimama.

Biubwa hakuachia kishikio. "Kilikuwa kinanivuta, wifi," akasema. "Sasa nyuzi zimelegea."

Akakaa chini palepale, akalia kwa sauti, na Alawi akataka kwenda kumnyamazisha. Nilimshika kanzu.

"Muache," nikamwambia. "Muache alie."