Injini ya Shakul Haikuzima

Shakul, fundi magari wa Mpumudde hapa Jinja, alihangaika miezi minane na injini ya rotari tuliyoitoa kwenye gari bovu la Kijapani ili tuifunge kwenye ndege yangu ndogo. Kila asubuhi aliiwasha, akaisikiliza, akapunguza petroli kidogo, akaiwasha tena. Ndege niliiunda mimi, lakini injini ilikuwa yake.

Mwaka 1996 nikairusha kwa majaribio mpaka Mbale, kwao mke wangu. Injini ilinguruma vizuri njia nzima. Nikiwa natua, nikamwona mama mkwe wangu kando ya uwanja. Kwetu mtu hamtazami mama mkwe wake usoni. Jamani, ndege inagusa ardhi, nami nageuza uso! Ndege ikaingia kwenye mahindi, bawa likavunjika.

Watu walipokuja mbio, nikasema, "Injini imezima."

Shakul aliifungua yote, wiki nzima akitafuta kosa. Hakuliona. Akaacha ufundi.

Sasa anauza chumvi Bugembe. Kila nikipita ananishika mkono: "Bwana Bogere, nisamehe. Nusura nikuue."

Nami, mwanamume mzima, humjibu, "Nilishakusamehe."