Miezi Tuliyoiita Heshima

Harufu ya mashudu ya alizeti hainiachi, hata niwe mbali kiasi gani na Mungaa. Msimu wa kukamua ilitoka kwenye mashine ya barabarani, nzito na yenye joto, ikashika nguo zilizoanikwa, ikashika nywele, ikaingia mpaka kwenye uji wa asubuhi. Nimefanya kazi nyingi tangu niache shule darasa la sita, nimechimba dhahabu Sekenke na nimepakia magunia katika miji ambayo sikukaa hata mwezi, lakini nikiisikia harufu ile narudi kuwa na miaka kumi, nimekaa kwenye benchi la hospitali kati ya mama na dada yangu Eliza, nina neno la kusema na silisemi.

Eliza alikuwa na miaka kumi na minane. Ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, na kicheko chake kilijulikana mpaka kisimani. Alipochumbiwa na kijana wa Kilimatinde, kicheko kilianza kupungua, na kufikia palizi ya kwanza hakikuwepo tena. Aliacha kwaya. Wenzake walikuja kumwita, akawatazama tu bila furaha wala hasira, hadi wakachoka kuja. Alikaa na ungo wa mtama mapajani bila kupepeta, kuku wakidonoa humo humo, asiwafukuze. Alivaa kitenge kimoja wiki nzima. Nyumbani hakuna aliyeona ugonjwa hapo. Mama alisema binti amekua. Shangazi, dada wa marehemu baba, alikuja kuona maandalizi ya harusi akamsifu mbele ya watu kwamba hainui macho, hajibizani, hana makuu. Kisha akanigeukia. "Na wewe mwenye mdomo kama cherehani, jifunze kwa dada yako." Watu wakacheka, nami nikacheka.

Mimi nilijua zaidi yao, kwa sababu nilikuwa namfuata kila mahali. Tulipokuwa tunapalilia nilimsikia akinong'ona, "Nimesikia, nimesikia," na hakuna aliyekuwa amemwita. Siku nyingine aliniambia kwamba alizeti zikigeuka hazifuati jua, zinamtazama yeye na kumsengenya. Nilidhani ni mchezo. Nikamuuliza ipi inamsema zaidi, akanionyesha alizeti moja ndefu iliyokuwa karibu na njia.

Alizeti zilipokaribia kuvunwa, alichukua mundu asubuhi moja akakata vichwa vya nusu shamba, akiziamuru zinyamaze. Alikuwa hapati usingizi, na maneno yake hayakushikana. Siku kumi na nne mama alijaribu maombi na dawa za mizizi, ndipo tukampeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole, akamwamkia mama shikamoo kabla ya kuuliza chochote. Akampima malaria, hakuikuta. Akauliza hali hii ilianza lini.

"Wiki mbili, daktari," mama akasema.

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo alikuwa mtoto wa kuigwa. Mkimya, mwenye heshima zake."

Nilifungua mdomo. Mama akanishika kiganja, si kwa ukali, akakibana. Nikainama. Daktari akaandika, akasema kwamba kwa muda mfupi namna hiyo huenda ni wazimu wa kupita tu, akatoa vidonge na kutusihi turudi mwezi ukiisha. Hatukurudi. Eliza alitulia, upande wa mume wakaambiwa malaria ilipanda kichwani, harusi ikafungwa. Mwaka uliofuata alijifungua mtoto wa kiume, na sauti zikarudi. Wakweze walimrudisha kwetu peke yake. Mtoto walibaki naye.

Baadaye, kwa tabia yangu ya kuuliza kila mtu na kusoma kila karatasi, nililijua jina la ugonjwa wake: skizofrenia. Muuguzi mmoja alinieleza kwamba hakuna kipimo cha damu kinachouonyesha. Daktari hutazama, husikiliza, na huhesabu muda. Anatafuta sauti zisizo na mwenyewe, imani ambazo hakuna ushahidi unaozitikisa, maneno yasiyoungana, mwenendo uliovurugika. Anatafuta pia vile vilivyopungua: uso kukosa hisia, maneno kuwa machache, mtu kukosa hamu ya kazi na ya watu. Zamani waliugawa katika aina, siku hizi wameacha, wanapima kila dalili ilivyo kali. Lakini muda hawajauacha. Vitabu vingine vinataka dalili za mwezi mmoja, vingine vinataka miezi sita ya mtu kubadilika, na miezi ya ukimya nayo huhesabiwa. Niliposikia hivyo nilitoka nje nikakaa chini. Ile miezi sisi tuliiita heshima.

Sasa mama hayupo. Eliza anachomwa sindano kila mwezi, sauti zimepungua, analima bustani ya vitunguu nyuma ya nyumba. Mwanawe ni mtu mzima anayemjua kwa jina tu. Mwaka jana nilirudi kutoka kwenye mizunguko yangu, tukakaa kivulini baada ya kliniki, nikamweleza nililolibeba miaka yote: kwamba nilijua ilianza lini na nikanyamaza, na kwamba pengine ndiyo sababu alipoteza mtoto. Alisikiliza huku akimenya vitunguu vyake.

"Daktari alimuuliza mama," akasema. "Wewe unalia kwamba ulinyamaza. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, mdogo wangu. Mimi nani aliniuliza?"

Nilikuwa nimeuliza wauguzi, vitabu na watu nisiowajua njiani, na dada yangu sikuwahi kumuuliza. Basi nikamuuliza ilianza lini. Ilikuwa mapema kuliko nilivyodhani, mwaka mzima kabla ya uchumba. Yeye na wanakwaya wenzake walikuwa wamesimama kanisani wanaimba, akasikia sauti moja inayozidi idadi ya walioimba, akageuka nyuma kuangalia ni nani. Alisema sauti ile ilikuwa nzuri, na kwa wiki kadhaa aliingoja kila Jumapili.